Gita Halimfanyi Mtu Mwanamuziki

Wapenzi wengi wa muziki wanaamini kwamba mwanamuziki wa kweli ni yule mwenye sugu vidoleni, na kwamba anayepata sauti ya gita kwa kubonyeza kitufe ni mvivu anayevuna asichopanda. Imani hiyo ni potofu.

Chukua The Young Gods, kundi lililoanzishwa mwaka 1985 huko Fribourg, Uswisi. Jukwaani hapakuwa na gita: palikuwa na mwimbaji, ngoma na sampla, mashine inayonasa kipande cha sauti na kukirudisha kwa kitufe. Hata hivyo, albamu yao ya kwanza ya mwaka 1987 inanguruma kwa magita. Je, hawakujua kupiga? Mwimbaji wao, Franz Treichler, alisomea gita la klasiki. Aliliweka chini akiwa amekwisha kulijua.

Sampla za wakati ule zilihifadhi sekunde chache tu. Ilibidi kuchagua: mngurumo upi, uanzie wapi, ukatwe wapi, urudiwe mara ngapi. Kazi hiyo inataka sikio, na mvivu haiwezi. Kundi la Front Line Assembly la Vancouver, Kanada, nalo liliingiza vipande vya magita ya muziki wa metali katika midundo ya elektroniki kwenye albamu yake ya Millennium, mwaka 1994. Kipande cha aina hiyo kinajirudia bila kuchoka wala kuyumba, kama mtambo wa kiwandani. Ukali wa namna hiyo mkono wa binadamu peke yake hauutoi.

Wapo wanaosema huo ni wizi. Nakubali kwamba mwenye sauti atajwe na alipwe. Lakini hilo ni suala la haki yake, si kipimo cha sanaa. Fundi cherehani hafumi kitambaa, na hakuna anayesema shati si kazi yake.

Nasi tunaijua dharau hii. Vijana wa bongo fleva wameambiwa mara nyingi kwamba muziki wa kompyuta si muziki. Hata hivyo, mwaka 2020 kundi la Duma la Nairobi lilitoa albamu inayogonganisha metali na kelele za elektroniki, chini ya lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Anayeanza kwa kuhesabu magita hataisikia.

Kwa hiyo, ukimkuta kijana ameinamia kompyuta usiku kucha akikata na kuunga sauti, usimuulize gita lake liko wapi. Msikilize kwanza, kisha umhukumu kwa alichokitengeneza.