Pawa Saplai Kwanza, Taa Baadaye

Wiki jana binamu yangu alinitumia picha ya karatasi. Ameandika kwa biro orodha ya kompyuta yake ya kwanza ya gemu, bei kando kando, na chini kabisa amepiga mistari miwili: 78,400. Halafu kwa WhatsApp: "Buda, sema kama iko fiti niende nikanunue kesho."

Hiyo pesa naijua. Ni smokie na mayai boilo, jioni baada ya jioni, hapo steji, tangu amalize Form Four. Kwa hivyo sikumtumia kile kidole gumba tu. Nilimpigia simu tukabishana dakika 40. Na kwa sababu najua wengi wenu mko na karatasi kama hiyo kwa mfuko, wacha tubishane sote.

Orodha yake ilikuwa hivi: prosesa ya Core i7, madabodi yenye taa, RAM kijiti kimoja cha GB 16, kadi ya grafiki RX 580 ya mtumba, kesi ya vioo na feni sita za kubadilisha rangi. Halafu pale mwisho, karibu itoke nje ya karatasi, "pawa saplai 600W, 1,800".

Elfu moja mia nane, bana. Kesi pekee ilikuwa 9,500.

Msimamo wangu ni huu, na mnaweza kunitukana kwa komenti: kompyuta ya kwanza unaanza kuichagua kutoka kwa kile kitu hakuna mtu atakiona kwa video yako. Pawa saplai nzuri kwanza, hata kama itabidi ukae miezi sita bila kadi ya grafiki. Hata bila taa moja.

Mimi nilifunzwa na moshi. Nilijenga yangu mwisho wa 2022, pesa ya kuedit video za harusi. Septemba hiyo Ethereum ilikuwa imebadilisha mfumo wake, kuchimba sarafu hiyo kwa kadi za grafiki kukaisha siku moja, na wachimbaji wakaanza kuuza kadi zao. Nikapata RX 580 ya GB 8 kwa bei ya kuchekesha. Nilijiona mjanja sana. Kwa pawa saplai nikachukua yenye imeandikwa 500W kwa boksi, nyepesi kama boksi la nafaka za asubuhi. Huo wepesi ungefaa kunishtua. Ndani ya pawa saplai ya maana kuna koili na vipande vya chuma vya kutoa joto, lazima uisikie mkononi.

Wiki ya kwanza kompyuta ilikuwa inajizima kila nikiingia kwa gemu nzito. Nikalaumu Windows. Nikaweka Windows upya mara tatu, mara tatu! Wiki ya tatu stima ikapotea usiku, ikarudi kwa nguvu, nikasikia "pa!", halafu ile harufu. Asubuhi madabodi ilikuwa imekufa, SSD pia, na ndani ya SSD kulikuwa na harusi ya watu sijawasilisha. Sitaki kuongea kuhusu ile simu nilimpigia bwana harusi. Nilirudi dukani nikaambiwa waranti ilikuwa ya kutest tu.

Sasa, kama kuna aya moja utasoma hapa, soma hii. Usisome boksi. Geuza pawa saplai, angalia stika iliyo ubavuni, tafuta mstari umeandikwa +12V. Prosesa na kadi ya grafiki zinakula karibu nguvu zao zote kutoka kwa huo mstari. Chukua ampea zilizoandikwa hapo, zidisha kwa 12, hizo ndizo wati zako za ukweli. Yangu ilikuwa imeandikwa ampea 16. Mara 12 ni wati 192. RX 580 peke yake imekadiriwa wati 185. Ongeza prosesa, feni, diski... unaona kwa nini ilikuwa inajizima? Haikuwa hata na deni la kunidanganya, ukweli ulikuwa kwa stika, mimi ndiye sikusoma. Pawa saplai ya wati 550 ya kampuni inayojiheshimu inatoa karibu ampea 45 kwa huo mstari.

Kuna na kaswichi kekundu nyuma, kwa baadhi ya zile za zamani hasa, 115 na 230. Stima yetu ni volti 240. Kama mashine ilitoka Marekani na hako kaswichi kako kwa 115, ukiichomeka ukutani umeichoma kabla hata hujaona skrini ikiwaka. Sogeza kwanza. Na ile nembo ya 80 Plus ni nzuri kuiona, lakini ujue inapima jinsi umeme unavyotumika bila kupotea kuwa joto. Haikuahidi kwamba kitu hakiwezi kulipuka. Tafuta kampuni yenye jina, Corsair, Seasonic, Cooler Master, na waranti iliyoandikwa kwa risiti.

Halafu nunua gadi ya umeme, zile watu wanawekea friji na TV. Stima ikirudi inangojea dakika kadhaa kabla ya kuruhusu umeme upite. Mathe alikuwa na moja kwa friji miaka yote, mimi nikiwa na kompyuta ya bei mara mbili ya friji nimechomeka moja kwa moja ukutani. Yeye hakuhitaji YouTube kumwambia.

Binamu alinisikiza hadi hapo, halafu akauliza swali la maana: "Sasa nikiweka pesa hapo, kadi nitanunua na nini?"

Jibu langu halikumpendeza. Usinunue kadi sasa.

Kwanza nilimuuliza anataka kucheza nini. EA FC, GTA V na Valorant. Nikamuuliza atacheza kwa skrini gani. TV ya sitting room, 60Hz. Hiyo TV inaonyesha fremu 60 kwa sekunde, basi. Hata ukiiletea 200 itakuonyesha 60. GTA V ilikuja kwa kompyuta 2015. Valorant ilitengenezwa makusudi iende kwa mashine za kawaida. Kwa nini uuze smokie mwaka mzima ununue Core i7 ya kusukuma gemu hizo kwa TV ya 60Hz? Hapo ndipo watu wengi wanapotea. Wanachagua vifaa kwanza, halafu gemu baadaye, na skrini hawaifikirii kabisa.

Kwa mtu kama yeye ningeanza na Ryzen 5 5600G. Ile herufi G mwishoni inamaanisha ina grafiki ndani ya prosesa yenyewe. Unachomeka HDMI kwa madabodi na unacheza. Si kwa setingi za juu, sitakudanganya. Ni setingi za chini, kiasi kwa kiasi, lakini hizo gemu zake tatu zinachezeka. Ina kache nusu ya 5600 ya kawaida, kwa hivyo siku ukiweka kadi kubwa utaachwa nyuma kidogo. Kidogo tu. Na ukinunua prosesa za Intel angalia herufi F, kama i3-12100F. Hiyo ni prosesa tamu ya bei nafuu lakini haina grafiki kabisa. Bila kadi utakaa ukiangalia skrini nyeusi ukidhani umeuziwa takataka.

Kosa lingine kwa karatasi yake lilikuwa RAM ya kijiti kimoja. Grafiki iliyo ndani ya prosesa haina kumbukumbu yake, inakopa kwa RAM. Kijiti kimoja ni barabara ya leni moja. Weka viwili vya GB 8, na utaona tofauti ya fremu bila kuambiwa. Halafu ingia kwa BIOS uwashe XMP, la sivyo RAM inakimbia polepole kuliko ulivyolipia na hakuna mtu atakuambia.

RAM sasa hivi ni maumivu, najua. Kampuni za AI zinanunua kumbukumbu kama hakuna kesho, na Desemba 2025 Micron ilitangaza inaacha kuuza RAM na SSD za Crucial kwa watu wa kawaida kama sisi. Kwa hivyo mtumba wa DDR4 si aibu. Lakini chunga mitego miwili ukiwa mtaani. RAM ya laptopu ni fupi, haiingii. Na kuna RAM za seva zinauzwa rahisi sana, ndefu kama za kawaida, zinaingia vizuri tu, halafu kompyuta inakataa kuwaka. Ukiona bei imekuwa tamu kupita kiasi, uliza kama imeandikwa ECC Registered. Ikiwa ndiyo, rudisha.

Madabodi sina mengi. Soketi ya AM4, B450 au B550, isiyo na taa. B450 iliyokaa sana dukani inaweza kukosa kuitambua prosesa mpya hadi BIOS isasishwe, kwa hivyo mwambie muuzaji aiwashe na prosesa yako ukiwa umesimama hapo. SSD ya GB 500, maana GTA V peke yake inameza zaidi ya GB 100. Kesi? Yoyote yenye matundu mbele. Zile zimefungwa kioo mbele na feni sita nyuma ya kioo ni kama kuweka feni ndani ya kabati. Rafiki yangu ako Mombasa na moja ya hizo, joto lile la Mombasa, anacheza na ubavu wa kesi umetolewa na umewekwa chini ya kitanda. Taa zake haziangazi mtu yeyote.

Sasa kuna wale mtasema, "Si achukue tu mashine ya ofisi, ex-UK, aweke kadi?" Hapo tunakaribiana. Kama bajeti yako ni elfu 30, fanya hivyo, na chukua kadi isiyohitaji waya wa ziada, kama GTX 1650 ambayo nyingi zinakula wati 75 kutoka kwa madabodi yenyewe. Lakini pima kesi kwanza. Zile ndogo nyembamba zinataka kadi fupi. Na Dell OptiPlex nyingi, kama 9020, zina plagi ya pawa saplai ya pini 8 ambayo si ile ya kawaida ya 24. Siku ukitaka kadi kubwa utagundua huwezi kubadilisha pawa saplai bila adapta. Tena Windows 11 haizikubali rasmi Intel za kabla ya kizazi cha 8, na Windows 10 iliachwa Oktoba 2025. Kwa elfu 30 ni sawa. Kwa elfu 78, hapana.

Na wale wa "nunua PlayStation uache kujisumbua", mko sawa kama ni gemu tu. Binamu anataka pia kujifunza kuedit. Nimeona jinsi hiyo kazi inalipa kodi ya nyumba, hata kwa mtu hakumaliza chuo, kwa hivyo sitamwambia anunue kisanduku cha kucheza tu.

Siku atafika kwa kadi, na atafika, asinunue usiku kwa picha. Asitume M-Pesa kabla haijachezeshwa gemu nusu saa mbele yake. Afungue programu ya GPU-Z. Kuna RX 580 mbili duniani. Moja ina shader 2304, hiyo ndiyo yenyewe. Nyingine ina 2048, ilitengenezewa soko la Uchina, na kazi yake ni ya RX 570. Kwa picha zinafanana kabisa, na muuzaji mwingi hata mwenyewe hajui. Mimi ningengojea RX 6600. Nguvu zaidi, wati 132 badala ya 185, na ile pawa saplai nzuri itaibeba bila kutoa jasho.

Tulipiga hesabu upya kwa simu. Karatasi mpya ilibaki na pesa ya kutosha aanze kuweka akiba ya kadi, na mashine inawaka siku hiyo hiyo. Jumamosi tunaenda Luthuli pamoja. Nimembebea mfuko wa kuingiza madabodi, yeye atabeba maswali.

Pawa saplai amekubali. Gadi amekubali. Kuhusu zile feni sita bado hatujasikizana, anasema atanunua moja tu, ya bluu, na hajaniuliza.