Shokapu Haibebi Gari, Jamani!

Kimya kimekuwa kirefu, zamu za usiku zimenibana. Leo nimekuja na hasira zangu, mnivumilie.

Kigari changu cha mwaka 2004 kilianza kulalia kushoto kwa nyuma. Nikakipeleka kwa fundi, Mbongo mwenzetu hapa Uingereza. Akakitazama, akabonyeza buti mara mbili, akasema, "Dada, shokapu zimekufa." Pauni 180 zikaondoka, hela niliyotenga kwa ada ya mdogo wangu. Nafika nyumbani, gari limelala vilevile. Nampigia, ananiambia litakaa sawa likizoea barabara. Likizoea!

Wadau, mimi ni nesi. Nikimpa mtu dawa ya presha bila kumpima presha, nitakuwa na maswali ya kujibu. Huyu bwana hata futikamba hakushika.

Shokapu ya gari la kawaida kazi yake ni kutuliza springi isiendelee kuruka. Ikifa, gari litadunda na kuyumba ukiwa barabarani. Uzito wa gari unabebwa na springi, na gari likilala upande limesimama, huko ndiko pa kuanzia.

Na kupima hakuhitaji shahada. Simamisha gari mahali tambarare, toa mizigo, jaza upepo sawa kulia na kushoto, lisukume kidogo mbele na nyuma likae vizuri. Kisha pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi juu yake. Usipimie kutoka chini, tairi lenye upepo mdogo litakudanganya. Mimi nilipata sentimita 37 nyuma kulia, 34 kushoto. Mbele tofauti ilikuwa moja tu.

Hapo bado usiape, kwa sababu springi mbovu ya mbele nayo huinamisha nyuma. Inua mbele kwa jeki, pale katikati panaporuhusiwa. Nyuma ikinyooka, ugonjwa uko mbele. Langu halikunyooka. (Msiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, tafadhali, wodini tunawaona.)

Nikapiga magoti na kale katochi ka kuangalia mboni za wagonjwa. Ile koili ya chini kabisa imekatika, kipande kimejificha kwenye kikalio chake, kutu tupu. Chumvi wanayomwaga barabarani huku wakati wa baridi, pamoja na mashimo, ndiyo kazi yake. Ncha iliyokatika ilikuwa inaelekea kwenye tairi. Wiki mbili nimeendesha hivyo usiku, mvua inanyesha, na wenzangu wawili wa zamu wamelala kiti cha nyuma.

Najua mtasema tusiharibiane riziki ugenini. Sawa, lakini mbona huruma yote inakwenda kwa fundi? Tunamtetea kwa kuwa anaongea Kiswahili na anakopesha, halafu mtu akilipa mara mbili tunamwambia "ndiyo maisha". Mwingine akanishauri niweke kipande cha mpira juu ya springi ili gari linyanyuke. Yaani tufunge bandeji juu ya mfupa uliovunjika!

Nimebadilisha springi zote mbili za nyuma kwa pamoja, maana mpya na kuukuu zikikaa pamoja gari linaweza kulala tena. MOT limepita. Zile 180 bado nazidai. Kaka fundi, najua unasoma hapa, namba yangu unayo.