Namba Isomwe Mara Mbili

Ndugu msomaji, leo ninalo neno kwa makarani wa posta. Si neno la ugomvi, bali la udugu.

Mwaka 2009 mdogo wangu aliitwa chuo cha uuguzi kwa barua. Kijijini kwetu hapakuwa na tarishi wa kupita nyumba hadi nyumba; barua za wote zilipitia sanduku moja la shule ya msingi. Barua yake ikatiwa katika sanduku la watu wengine. Ilipotufikia, bahasha ilikwisha kuchanika pembeni, na nafasi yake alikwisha kupewa mwingine. Muhuri ulionyesha kuwa iliwasili wilayani siku tisa kabla ya siku ya kuripoti.

Mzee wetu alikwenda kuuliza. Karani akamjibu kwa heshima, "Shikamoo mzee wangu. Ni makosa ya kibinadamu." Mzee aliitikia, akarudi nyumbani kimya.

Ni kweli, 36 na 63 hufanana machoni pa mtu aliyechoka. Hata hivyo, mwenye barua hulipa kwa mwaka mzima kosa la nukta moja.

Siku hizi salamu hupita simuni, lakini vifurushi na nyaraka bado hupita posta. Basi, ndugu karani, isome namba mara mbili. Nasi tuandikao tuiandike waziwazi. Na tukikuta barua isiyo yetu, tuirudishe siku hiyo hiyo.

Mdogo wangu alingoja mwaka mmoja, akaingia chuoni. Bahasha ile angali nayo.