Wagonjwa wa HIV wamehamishwa, ujuzi je?

Rafiki yangu alizaliwa na virusi vya HIV. Ako na miaka 24, anameza dawa kila usiku saa tatu, na hakuwa amewahi kukosa kliniki. Hadi juzi.

Nilimsindikiza kwenye kituo kimoja cha afya huku Eastlands. Zamani alikuwa anaingia kliniki maalum, ile tunaita CCC, ambako muuguzi alimjua kwa jina. Siku hizi anapanga foleni na watu wa homa na kikohozi. Alipofika mbele, mhudumu alifungua faili akauliza kwa sauti, "Hizi dawa unameza za nini?" Laini nzima ikageuka. Jamaa alichukua kadi yake akatoka. Nilimbembeleza wiki mbili ndipo akarudi.

Ni rahisi kumlaumu huyo mhudumu. Lakini tuulizane, nani alimfunza?

Januari 2025, Rais Donald Trump wa Marekani alisimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Mpango wa PEPFAR, ulioanza 2003, ndio ulikuwa ukilipa mishahara ya wahudumu wengi wa CCC. Wengi wakatumwa nyumbani. Serikali nayo ikasukuma mbele mpango wa kuunganisha huduma za HIV na zile za wagonjwa wa kawaida.

Kuunganisha si vibaya. Mlango wa CCC ulikuwa kama bango: ukionekana hapo, mtaa umeshajua. Shida ni kwamba mafaili yamehamishwa haraka kuliko ujuzi.

Na ujuzi wenyewe si mchezo. Kidonge ambacho wengi humeza mara moja kwa siku kina dolutegravir. Mgonjwa akipata kifua kikuu na kupewa rifampicin, nguvu ya dolutegravir hupungua mwilini, kwa hivyo lazima aongezewe dozi nyingine ya dolutegravir saa 12 baadaye. Mama mjamzito akimeza tembe za madini ya chuma bila kuelekezwa vizuri, dawa yake ya HIV huenda isifyonzwe inavyofaa. Hata baadhi ya dawa za kiungulia huleta shida hiyo. Mhudumu asiyejua haya anaweza kumwumiza mtu huku akitabasamu.

Kuna pia maneno ya mdomo. Mtu ambaye virusi vyake vimeshuka hadi havionekani kwenye vipimo, na anaendelea kumeza dawa, hawezi kumwambukiza mpenzi wake kupitia ngono. Msichana wa miaka 20 akiambiwa hivyo anatoka kliniki akipanga maisha. Akiambiwa "wewe sahau mambo ya watoto", huenda asirudi tena.

Sasa, kufunza si kuita watu hotelini siku mbili, chai na marupurupu, halafu kila mtu arudi kwa mazoea yake. Mhudumu mpya anahitaji mwenye uzoefu akae naye kwenye chumba cha matibabu, wapitie faili ngumu pamoja. Mwongozo wa kitaifa wa 2022 unataja Uliza, laini ambayo wahudumu wanaweza kupiga wakikwama. Kila kituo mtaani kingebandika nambari hiyo ukutani. Waelimishaji rika pia wasiachwe nje, kwa sababu wao wanajua foleni inavyouma.

Magavana, afya ni kazi ya kaunti. Mafunzo haya yawekwe kwenye bajeti, tusingoje mfadhili mwingine.

Na wewe unayemeza dawa, kumbuka sheria ya HIV ya 2006 inalinda siri yako, na kuna jopo maalum la kusikiliza malalamishi. Uliza kwa nini umepewa dawa fulani. Omba kuzungumza faraghani. Ukiudhiwa, lalamika, lakini dawa usiache.

Rafiki yangu alirudi. Ni wangapi hawana wa kuwabembeleza?