Kupasuliwa Ugenini kwa Ajili ya Umbo

Huku Kinondoni na Temeke twasikia habari za dada zetu wakusanyao fedha waende Istanbul kupasuliwa, wapate kiuno chembamba na makalio makubwa, maana bei ya huko ni nafuu. Hatusemi kwamba kutaka umbo zuri ni dhambi. Hayo yamekwisha kuhubiriwa, pengine kupita kiasi. Twasema juu ya uhai.

Mafuta yatolewayo tumboni na kutiwa makalioni huweza kuingia katika mshipa mkubwa wa damu, yakafika moyoni na mapafuni, na mtu akafa papo hapo. Mwaka 2018 vyama vya wapasuaji vilikadiria kwamba vifo huenda vikafika 1 katika watu 3,000, wala hakuna upasuaji mwingine wa urembo uliohesabiwa kuua hivyo. Tena kurudi ni kuketi katika ndege kama saa 7. Damu huweza kuganda miguuni, ikapanda mapafuni.

Na kidonda kikifanya usaha naye amekwisha kurudi Mbagala? Aliyempasua yu mbali, na daktari wa hapa hakuiona kazi ile. Basi, kabla dada hajauza kiwanja, mwulizeni ni nani atakayemtazama siku ya kumi. Mloganzila nako wako wapasuaji wa kazi hii. Aanze kwa kuwauliza hao.