NESI SIO TARISHI WA DAKTARI (Sehemu ya 4)

Mama, ukishajifungua usiseme "nasubiri daktari apite ndio nimwambie." Mwambie nesi, saa hiyo hiyo.

Saa za mwanzo anayekulinda ni nesi mkunga. Ndiye anayekuchoma oksitosini ndani ya dakika moja baada ya mtoto kutoka, anakupima presha, anakubonyeza tumbo kuona kama mji wa mimba umekaza. Inauma, najua, lakini sio ukatili. Mji ukilegea damu inamwagika, na ikifika nusu lita tayari ni hatari. Hapo nesi hangoji raundi ya asubuhi: anaukanda mji, anaweka dripu, huku daktari anaitwa.

Hapa Tanzania kazi hii ina leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, kwa sheria ya mwaka 2010. Kwa hiyo una haki ya kumuuliza jina lake na dawa anayokupa. Akikufokea, amekosea. Leseni sio ruhusa ya kufoka.

Pedi ikilowa chapachapa, au ukisikia kizunguzungu, usione aibu kutusumbua. Hata saa nane usiku, ita nesi.