Ndege wa Udzungwa wasiishie kwenye darubini za wageni

Mwaka 1991 watafiti waliopiga kambi katika misitu ya Milima ya Udzungwa waliona miguu ya ndege ndani ya sufuria, wakashangaa. Hakuwa kuku, wala hakuwa kanga. Alikuwa kwale ambaye wanasayansi hawakumjua, na jamaa zake wa karibu wako Asia. Kwa mpishi kilikuwa kitoweo tu.

Kitoweo hicho leo ni mali. Wapo wanaopanda ndege kutoka Ulaya kuja kumtafuta ndege! Hifadhi ya Taifa ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992 na yenye ukubwa wa kilometa za mraba 1,990, ina aina zaidi ya 400 za ndege, pamoja na mbega mwekundu wa Iringa na mangabe wa Sanje, wasiopatikana nje ya Tanzania.

Mtazama ndege si kama mtazama simba. Udzungwa hutembelewa kwa miguu. Mgeni huamka alfajiri, hupanda mlima, hurudi na njaa, na asipomwona ndege wake hulala tena. Huyo ni mteja. Mayai, mchele na nyanya anazokula zinatoka kwa nani? Zikitoka mjini, mkulima wa Mang'ula amebaki na hasara peke yake.

Na hasara ipo. Kuokota kuni hifadhini, kulikoruhusiwa kwa siku maalumu, kulisitishwa mwaka 2011. Tembo wakiingia shambani, kifuta jasho hakijazi ghala. Kweli, mito ya milima hiyo ndiyo inayonywesha mpunga na miwa ya Bonde la Kilombero, lakini mama anayetafuta kuni jioni hawezi kupikia hoja hiyo.

Kwa maoni yangu, wenye hoteli waandikiane mikataba na vikundi vya wafugaji kuku na wakulima wa mboga walio jirani na hifadhi. Nasi wakulima tusilalamike tu: mgeni hakai mezani akisubiri mayai yaliyoahidiwa jana. Vijana wanaoijua milio ya ndege tangu utotoni wafundishwe kuongoza wageni, maana kwenye msitu mnene ndege husikika kabla hajaonekana. Na kila mwenye shamba apande miti ya kuni mpakani mwake msimu huu wa mvua, asingoje mradi.